Zoni au mtu kwa mtu? Kwanza rudini nyuma

Robo ya kwanza ya mechi ya kikapu haijaisha, vijana wetu wameshafungwa pointi 31. Uwanja wa saruji hapa Mbeya, baridi ya Juni, benchi linapiga kelele: "Zoni! Kaeni zoni!" Nyuma yangu mzee mmoja mwenye koti zito akajibu, "Zoni ya nini? Kila mtu na mtu wake!"

Hoja ya benchi naielewa. Zoni ya 2-3, yaani kila mtu analinda eneo lake, wawili mbele na watatu nyuma, inaziba njia ya kwenye ringi, na sheria za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, tofauti na za NBA, ligi ya Marekani, zinamruhusu senta, yule mrefu wa chini ya ringi, anayekaba kusimama pale ndani muda wote. Mgeni anabaki kurusha kutoka mstari wa pointi tatu, mita 6.75, tena kwenye uwanja wa wazi wenye upepo. Ni kamari yenye akili.

Ila zoni inalinda eneo, haimlindi mtu. Niliona mgeni akirusha na kukosa, mpira ukadunda mbali, wetu wanne wakageuka kuutazama. Kijana wao wa kona akapita katikati ya wetu, akaudaka, akafunga bila kuguswa hata jezi. Alikuwa wa nani? Hakuna aliyejua.

Mtu kwa mtu ingejibu swali hilo, lakini gadi, mchezaji wa nje anayeongoza mpira, mwenye miguu mizito akipitwa, mwenzake anakuja kuokoa kwa faulo. Kuanzia faulo ya tano ya timu katika robo, wageni wanapewa mitupo miwili ya bure.

Kuna njia ya katikati: wanne zoni, mmoja anamganda mfungaji. Toronto Raptors walimfanyia hivyo Stephen Curry, nyota wa Golden State, katika fainali ya NBA ya 2019, mechi ya pili. Karibu na mwisho Golden State walikaa zaidi ya dakika tano bila pointi, ingawa walishinda 109-104. Ilisaidia kwamba Klay Thompson, mfungaji wao mwingine, alikuwa ametoka akiwa ameumia. Timu yenye wafungaji watatu itakucheka.

Wengine wanasema tuwakimbize tu wageni wachoke: Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Denver ya Marekani, na wageni wametoka Dar es Salaam jana kwa basi. Sikubali. Kuikimbiza timu inayoishi kwa kukimbia ni kumtishia samaki kwa maji.

Mimi nilikuwa nahesabu kitu kingine. Zaidi ya nusu ya zile pointi zilifungwa kabla yeyote wetu hajavuka mstari wa kati kurudi. Tulirusha ovyo, wakadaka, wakaondoka. Hapo zoni iko wapi, na mtu wako yuko wapi?

Robo ya pili kocha aliagiza jambo moja: tukirusha, magadi wawili wasigombee rebaundi, yaani mpira uliokosa ringi, warudi. Zoni ileile, vijana walewale, wageni wakapata pointi 13. Mechi tulipoteza, maana rebaundi tulizoacha kule mbele nazo zina bei yake. Mzee wa koti aliondoka akidai bado, mtu kwa mtu.