Ishirini na Kumi

Mama Zuhura alipanda Newala Alhamisi asubuhi, arusi ya mdogo wake, akaniachia watoto wawili, sufuria la mchuzi wa pweza na maneno matatu: "Utaweza, baba Zuhura." Jioni akanitumia picha amesimama Shimo la Mungu, kule ukingoni juu ya bonde, upepo unampeperusha mtandio, anacheka. Wakati huo mimi nilikuwa nimeingiza mkono mzima kwenye mtungi wa maji ya kunywa, naopoa kandambili.

Lakini Alhamisi niiache. Mkasa ni wa Ijumaa.

Kwetu Naliendele, Mtwara, Novemba mabibo yanadondoka usiku na mchana. Zuhura ana miaka mitano, kazi yake ni kunyonyoa korosho kwenye bibo na kuzitia ndooni. Mdogo wake ana miaka miwili na nusu na hana kazi maalumu. Amechukua jina la marehemu baba yangu, kwa hiyo tunamwita Babu, na hapo ndipo nilipojiponza. Kila nikitaka kumfokea naona kama mzee anainuka kaburini kuniuliza, "Umekua lini wewe?"

Kanzu yangu nyeupe ilikuwa kwenye kamba, nasubiri ikauke niende msikitini. Nikageuka kuepua chai, basi. Kurudi, Babu ameivuta chini, ameitandaza vizuri, anaikamulia mabibo kifuani, moja baada ya jingine, kwa utulivu wa fundi. Mtu wa kusini haelezwi doa la bibo. Sabuni haliogopi, ndimu haliogopi; nguo itachakaa, doa libaki.

Damu ikanipanda kichwani. Nikakumbuka nasaha niliyowahi kuisikia redioni: hasira zikikuzidi mbele ya mtoto usinyanyue mkono, hakikisha yuko salama, jitenge, vuta pumzi, hesabu mpaka mia. Sawa. Nikafunga geti kwa kufuli. Ndoo ya korosho nikaipandisha juu ya banda la kuku, maana yale maganda mabichi yana mafuta yanayobabua midomo, na Babu huonja kila kitu. Kisha nikamwambia Zuhura: "Mwangalie mwenzio. Baba anaingia chooni kuhesabu. Asinisumbue mtu mpaka nimalize."

Choo chetu kiko uani, na kwa nje kina komeo la kipande cha ubao kwenye msumari mmoja, unakizungusha tu. Nilikipigilia mwenyewe, baada ya mtetea kufanya choo kiota. Nilikuwa kwenye kumi na saba niliposikia kinazunguka.

"Zuhura?"

"Nimefunga, Babu asikusumbue."

Mtoto msikivu, nikajisemea. Nikaendelea. Chini ya bati lile, saa sita mchana, mtu hapumziki, anaiva. Nikafika mia.

"Fungua mama, nimemaliza."

"Mbona sijasikia? Hesabu kwa sauti."

Nikabembeleza, nikaamuru, nikaahidi soda. Wapi! Nikahesabu kwa sauti. "...ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini—"

"Umekosea!"

"Nimekosea nini?"

"Baada ya ishirini na tisa ni ishirini na kumi. Rudia."

Mara nne nimerudia. Kila nikigusa thelathini narudishwa kwenye moja. Nikachungulia kwenye ufa wa mlango: Babu keshavaa ile kanzu, inaburura mchangani, mtetea anamfuata nyuma kama maamuma. Na adhana ndiyo kwanza inaanza.

"Hodi! Baba Zuhura yupo?" Sauti ya Bi Somoe, jirani.

"Yupo chooni, anapumua. Hataki kusumbuliwa."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu zamani."

Nikapiga kelele, "Bi Somoe, nifungulie!" Akatikisa geti. Geti limefungwa, na ufunguo ninao mimi, mfukoni. Nikasikia makuti ya ua yanachakarika, kisha sauti yake kutoka juu: "Baba Zuhura, wewe mfuate mtoto! Hesabu anavyotaka yeye!"

Nikameza fundo la mate. "Ishirini na tisa... ishirini na kumi."

"Eeeh," akasema Zuhura.

"Ishirini na kumi na moja. Ishirini na kumi na mbili." Nje ya ua nikasikia sauti nyingine, za kiume, zinaitikia pamoja nami. Vijana waliokuwa wanakwenda msikitini wamesimama kunisaidia. Tulipofika ishirini na ishirini, hesabu ikampotea mwalimu mwenyewe, akazungusha kibao.

Wiki iliyofuata nilipeleka korosho ghalani, chama cha msingi. Kafurushi kadogo tu. Karani akainamia mizani, akasoma kwa sauti, "Kilo thelathini na mbili."

Kutoka nyuma ya foleni mtu akamsahihisha.