Mgeni Kashuka na Kitu

Kwenye wasifu wangu wa kuombea kazi niliandika: "Kiingereza: kizuri sana." Sikudanganya. Nilijifanyia mtihani mwenyewe, nikajisahihishia mwenyewe, nikajipa alama. Kidato cha kwanza hadi cha nne nilifundishwa kila somo kwa Kiingereza isipokuwa Kiswahili, na mpaka leo ukiniamsha usiku wa manane nakuelezea kwa Kiingereza jani linavyojipikia chakula.

Maneno makubwa hayajawahi kunisumbua. Walioniponza ni vijineno: up, off, down, out. Vile vya herufi mbili tatu ambavyo darasani tulivipita kama daladala inavyopita kituo kisicho na abiria.

Ilikuwa Agosti, zabibu zinavunwa, upepo wa Dodoma unakupaka vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilipata kibarua cha udereva na ukalimani kwa mama mmoja wa Kiingereza aliyekuja kuongea na wakulima wa zabibu upande wa Hombolo. Yeye kafikia hoteli ya mjini, gorofa ya tatu. Mkutano wake na wakulima ishirini ulipangwa Jumatano, chini ya mbuyu.

Jumanne saa kumi jioni niko Majengo nakula mishikaki, ujumbe ukaingia:

"I've come down with something. Please call off tomorrow's meeting. I'll make it up to them."

Nikaweka mshikaki chini nikatafsiri kitaalamu. "Come down" ni kushuka. "With something", na kitu. Kwa hiyo mama kashuka kutoka gorofani, na hakushuka mikono mitupu. Kuna kitu! "Call off": "call" ni ita, na "off" nani asiyeijua? Mlinzi akiwa off yuko nyumbani kapumzika. Maana yake niwaite mkutanoni hata wale ambao kesho ni siku yao ya mapumziko. Na "I'll make it up to them", hapo ndipo nilipojivunia shule. "Make it" ni kufanikiwa kufika, "up to" ni mpaka. Nitafika mpaka walipo.

Nikajibu: "Very good, Madam." Akanitumia kikatuni cha moyo.

Nikanunua vocha ya elfu tano, nikaanza kupiga simu. Nilimwanza mwenyekiti wa kijiji: "Mzee, shikamoo. Mgeni anasema waje wote, hata wasiohusika, na kashuka na kitu." Akauliza kitu gani. Nikamwambia ujumbe haukusema, lakini ni kitu. Hilo lilikuwa kosa, maana neno likitembea kilomita kadhaa kwenye vumbi linanenepa. Saa moja usiku mkulima mmoja alinipigia kuuliza kama ni kweli mgeni analeta pampu ya maji. Saa tatu mwingine akataka kujua hiyo trekta itakabidhiwa kikundi kipi. Mwenyekiti naye akasema mgeni wa trekta hapokelewi kwa chai, kuna beberu wa jirani, laki moja na ishirini, tumchukue kwa mkopo? Nikajibu kwa kifua: "Chukua, Madam atalipa."

Asubuhi nikapita hotelini kumchukua. Mapokezi wakaniambia mama bado kalala, hataki kugongewa. Nikasema sawa, kachoka na mzigo, pengine atakuja na gari la trekta. Nikakata zangu kona ya Ihumwa peke yangu.

Niliwakuta watu zaidi ya mia. Wanafunzi walikuwepo. Bibi mmoja aliletwa kwa baiskeli. Niliposhuka tu nikasalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" likapokelewa, akina mama wakaziweka ngoma za muheme katikati ya mapaja, vumbi likapanda. Beberu alishakuwa sufuriani.

Saa nne. Saa tano. Saa sita nikampigia.

"Hang on," akasema kwa sauti ya mtu aliye chooni.

Mimi kwenye simu nilikuwa najua "hang" moja tu, ya kukata. Nikakata. Nikapiga tena. "Hang on, hang on!" Kasema mara mbili, nikakata haraka zaidi. Mara ya tatu alipiga kelele, na mimi kwa utii nikazima simu kabisa.

Pembeni yangu alikaa mwalimu mstaafu, babu wa fimbo na kofia ya sufu, aliyefundisha Kiingereza kabla sijazaliwa. Akaniomba auone huo ujumbe. Akavaa miwani, akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Halafu akacheka mpaka fimbo ikaanguka.

"Mjukuu wangu," akasema, "mgeni anaumwa. Kuanzia jana."

"Lakini kashuka na kitu, mwalimu!"

"Kashikwa na ugonjwa. Ndiyo hiyo 'come down with'. Na mkutano kasema uufute. Halafu akakuahidi kuwa atawafidia wakati mwingine. Nawe kwenye simu unaambiwa subiri, unakata. Kukata ni 'hang up'!"

Nilihisi jua lote la Dodoma limehamia kwenye kisogo changu. Ngoma zinaendelea. Yeye akaona huo ndio wakati mzuri wa kufundisha. Walimu hawastaafu, wanapunguziwa wanafunzi tu.

"Sisi tukitaka kugeuza kitenzi tunakigeuzia tumboni mwake. Funga. Fungua. Fungia. Fungana. Mwingereza mkia kautoa nje, unatembea nyuma ya kitenzi kama mbwa wa mchungaji. Ukitafsiri kitenzi peke yake, umemwona mchungaji, mbwa atakung'ata."

"Sasa 'off' maana yake nini?"

"Haina moja. Taa iki-'go off' imezimika. Kengele iki-'go off' inalia. Maziwa yaki-'go off' yamechacha."

Nikamwambia hiyo si lugha, huo ni uhuni. Akasema subiri. Fomu ukiambiwa "fill in" unaijaza, ukiambiwa "fill out" unaijaza ileile. Akachora mavumbini kwa fimbo. Mkia mwingine ni kielezi, akasema, na kielezi kina miguu: "call off the meeting" au "call the meeting off", unachagua. Ila ukiweka "it", lazima ikae katikati, "call it off". Ukisema "call off it", umekwisha. Mkia mwingine ni kihusishi, huo hauchezi na wala haurukwi: "look after it", basi. Na kuna vitenzi vyenye mbwa wawili, kielezi na kihusishi pamoja, kama "put up with", kuvumilia.

"Hicho ukariri," akasema. "Leo utakihitaji. Mwambie 'please put up with me'. Yaani akuvumilie."

Mwenyekiti aliwatangazia watu kuwa mgeni anaumwa. Kimya kikapita. Kisha yule bibi wa baiskeli akauliza: "Na beberu naye anaumwa?" Pakachangamka. Ugali ukaepuliwa, mlenda ukaja, na mimi nikapewa shingo, sijui kwa heshima au kwa adhabu.

Jioni nikapanda gorofa ya tatu huku nakariri njia nzima. Mama kajifunga shuka, kajaa kwenye kiti, chupa za maji zimemzunguka. Nikamweleza watu mia, trekta na beberu. Alivyozidi kutoa macho, maneno yakaanza kunitoka kichwani. Nikakusanya nguvu, nikaweka mkono kifuani: "Madam, please put me up."

Akaniangalia. Akaangalia kitanda. Akaniangalia tena. "Put you up? Here?"

Nilikuja kujua baadaye kwamba nilimwomba malazi.

Bahati nzuri alicheka, na akicheka anashika tumbo, na akishika tumbo anakimbia. Aliporudi kutoka msalani alikuwa ametulia. Akasema mwisho wa wiki atakwenda mwenyewe kuwaona watu wake. Halafu, kwa upole kabisa, akaongeza: "I'm afraid the goat will have to come out of your allowance."

Sasa mimi tayari nilikuwa na shule ya chini ya mbuyu. Nikamtafuta mbwa kabla ya mchungaji. "Out", nje. "Come out", kutoka. Na "allowance" ni posho, hilo hata mtoto wa Dodoma anajua. Posho inatoka! Nilimshukuru kwa mikono miwili, nikainama, nikashuka ngazi naimba. Nilisikia akimwambia mtu kwenye simu kuwa hajawahi kuona dereva muungwana namna hii.

Ijumaa nikafungua bahasha. Posho haikutoka. Aliyetoka ni beberu, na alitokea humo humo kwenye posho, na pembe zake.