Mvinyo Pasipo Mizabibu: Je, Malindi Ianzishe Ziara za Kuonja?

Katika nchi zinazolima mizabibu, ziara za makundi za kuonja mvinyo ni sehemu ya kawaida ya utalii. Wakulima wa Stellenbosch, Afrika Kusini, walianzisha njia yao ya mvinyo mwaka 1971, na tangu hapo mgeni hupanda basi dogo na wenzake, akazungushwa shamba hadi shamba, akaonjeshwa, akaelezwa, na mwisho akauziwa. Malindi ni mji uliozoeana na Waitaliano tangu miaka ya 1960, walipoanza kurusha roketi kutoka jukwaa la San Marco katika Ghuba ya Ungwana. Haishangazi basi kwamba wapo wanaoona kuwa mtindo huo ungeufaa, hasa miezi ambayo vyumba vya hoteli hubaki vitupu.

Hoja yao ina mashiko. Wageni wapo, mikahawa ya Kiitaliano ipo, chupa zimo kabatini. Anayekosekana ni wa kuzieleza. Mhudumu anayeulizwa tofauti ya Chianti na Barolo, aina mbili za mvinyo mwekundu wa Italia, huenda akajibu kwa kutaja bei, ilhali jibu lenyewe si gumu: Chianti hutokana hasa na zabibu iitwayo Sangiovese, ya jimbo la Toscana, na Barolo hutokana na zabibu ya Nebbiolo peke yake, ya jimbo la Piemonte, ambayo hutoa mvinyo wenye rangi hafifu lakini wenye ukakasi mwingi. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa ukakasi ni nini, kwani aliyewahi kung'ata bibo anaujua ulimi unavyokauka. Katika mvinyo mwekundu, ukakasi huo hutoka kwenye maganda na mbegu, na rangi nayo hutoka kwenye maganda, kwa kuwa maji ya zabibu karibu zote, hata nyeusi, hayana wekundu wowote mpaka yaachwe yachache pamoja na maganda yake. Zabibu za mvinyo kwa kawaida huwa ndogo, zenye ganda nene na sukari nyingi, tofauti na zile kubwa za kula tunazoziona madukani.

Kuna pia suala la joto, ambalo kwa maoni yangu lina manufaa kuliko yote hayo. Ushauri wa zamani wa Ulaya ni kwamba mvinyo mwekundu unywewe ukiwa na joto la chumba, lakini chumba kinachokusudiwa ni cha nyuzi 16 hadi 18. Katika baraza ya Malindi yenye nyuzi 30, chupa hiyo hiyo hunuka spiriti kabla ya kutoa harufu ya tunda. Mhudumu anayeitia kwenye ndoo ya maji na barafu kwa dakika 15 kabla ya kuifungua amemfaa mgeni kuliko yule aliyekariri majina ya mashamba ishirini.

Hata hivyo, kumfunza mhudumu ni jambo moja na kuanzisha ziara ni jambo jingine. Kiini cha ziara ni shamba, na shamba hatuna. Mzabibu ni mmea unaotaka kupumzika, na huko Ulaya, baridi ndiyo huupukutisha majani na kuulaza. Hapa pwani joto na unyevu havikomi, mmea haulali, na ukungu huyavamia majani na mashada. Nchini Kenya mizabibu ya mvinyo imepandwa Naivasha, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900. Nchini Tanzania hulimwa Dodoma, kwenye uwanda mkavu, ambako wakulima huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka kwa kuongoza ukuaji wa mmea kwa kuupogoa. Bila shamba, ziara ya Malindi itakuwa kuwahamisha watu kutoka meza moja hadi nyingine, wakinywa chupa zilizotoka ng'ambo, na sehemu kubwa ya fedha ikirudi zilikotoka.

Isitoshe, kundi si mwalimu mzuri wa ulimi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2001, wanafunzi 54 wa taaluma ya mvinyo mjini Bordeaux walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Ikiwa jicho liliwapotosha hao, watalii kumi walioketi pamoja watapotoshwa na yeyote atakayetangulia kusema, hasa akiwa ndiye mwuzaji. Dawa yake ni kuficha lebo na kila mtu kuandika kabla ya kusema. Waonjaji wa Kifaransa walipofichiwa lebo mjini Paris mwaka 1976, walizipa chupa za California nafasi ya kwanza, kwa nyeupe na kwa nyekundu. Mwenyeji anayetegemea sifa za wageni wake hana haraka ya kufanya hivyo. Mgema akisifiwa, wazee walishasema, tembo hulitia maji.

Jambo zito zaidi ni la imani. Malindi ni mji wenye Waislamu wengi, na mafundisho ya dini yao hayakatazi kunywa pekee, bali pia kumimina, kubeba na kuuza. Ujuzi wa mvinyo ukifanywa sharti la kupandishwa cheo, kijana Mwislamu anayehudumu hotelini atawekwa njia panda ambayo mwenzake hakuwekwa. Sidhani kwamba hili ni dogo la kumaliziwa kwenye mkutano wa wafanyakazi, wala sioni busara ya kuyapitisha makundi yenye glasi mkononi karibu na Msikiti wa Juma jioni.

Wanaotaka mti, mvunaji na kinywaji mahali pamoja wanavyo jirani, katika vijiji vya Wagiriama, ambako mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, na utomvu huanza kuchacha ukiwa ungali kibuyuni. Mgeni akiuonja ukiwa mtamu asubuhi na kuuonja tena jioni ukiwa mkali, ameelewa uchachushaji bila hotuba. Pingamizi la kidini ni lile lile, na leseni ya vileo ni lazima, lakini angalau fedha zingebaki kwa mwenye mnazi.

Kwa hiyo ziara nisingeianzisha. Ningeunga mkono darasa la mezani, ndani ya hoteli, la wahudumu wanaolitaka kwa hiari yao: glasi nne ndogo, lebo zimefichwa, chombo cha kutemea kipo, na mafunzo ya kahawa na chai yenye cheo sawa kwa wasiolitaka. Mgeni anayesisitiza kuona shada likiwa mtini aelekezwe Naivasha.