Lebo za MPI: namba apange nani?

Ukituma kiroba cha maharage kwa basi kutoka Arusha kwenda Moshi, unaandika juu yake jina la mpokeaji na namba ya mzigo. Namba 7 ya kampuni hii haigongani na namba 7 ya kampuni ile, kwa sababu kila mpokeaji anakwenda dirisha lake. MPI, kanuni ya mawasiliano ya programu zinazoendeshwa sambamba kwenye kompyuta nyingi, iliyotoka mwaka 1994, inafuata utaratibu huohuo. Kila ujumbe una mtumaji, mpokeaji, lebo (ni namba tu), na komunikata, ambayo ndiyo dirisha lenyewe.

Ubishi unaanza pale maktaba, yaani kifurushi cha programu kilichoandikwa ili wengine wakitumie ndani ya programu zao, inapotuma ujumbe wake ndani ya programu ya mtu mwingine. Wapo wanaotaka mtumiaji aachiwe kuchagua lebo, walau namba ya kuanzia. Wengine wanasema asizione kabisa.

Mimi nilikuwa wa kundi la kwanza. Hapa Sakina, Arusha, tuliunganisha kompyuta nne kwa kebo, tukapiga hesabu ya joto linavyosambaa kwenye bati. Lebo yangu ilikuwa namba ya hatua mara 1000, jumlisha namba ya mstari. Ikakimbia usiku kucha bila shida. Tulipoihamishia kwenye mashine nyingine ikafia hatua ya 33. Kanuni inahakikisha lebo za 0 hadi 32767 tu. Zaidi ya hapo ni hiari ya waliotengeneza MPI unayotumia, nawe unauliza kikomo chao kwa MPI_TAG_UB. Kinachokera ni kwamba namba ya hatua haikuhitajika hata kidogo: ujumbe wa mtumaji mmoja kwenda kwa mpokeaji mmoja, kwa komunikata moja na lebo moja, haupitani njiani.

Hata ukichagua namba kwa uangalifu, kuna MPI_ANY_TAG, yaani "nipe mzigo wowote". Programu ya mtumiaji ikipokea hivyo kwenye komunikata hiyohiyo, itameza ujumbe wa maktaba, uwe na lebo 500 au 30000. Itakapoisoma lebo na kugundua si wake, mzigo umeshachukuliwa. Dawa ni maktaba kufungua dirisha lake kwa MPI_Comm_dup.

Ila dirisha halifunguliwi bure. Michakato yote ya kundi, yaani nakala zote za programu zinazokimbia sambamba na kutumiana ujumbe, lazima iite MPI_Comm_dup kwa pamoja. Ukiita upande mmoja tu, programu inaganda. Tena idadi ya komunikata ina mwisho, na anayefungua ndani ya kitanzi (sehemu ya programu inayojirudia) bila kufunga ataufikia. Kwa maktaba ndogo inayoitwa na michakato miwili mitatu katikati ya kazi, wanaotaka lebo za kuchagua wana hoja nzito.

Hata hivyo naegemea dirisha, lifunguliwe mara moja mwanzoni. Lebo za kuchagua ningezibakiza kwa mtu anayeleta komunikata aliyoitenga kwa kazi hiyo, akijua hakuna MPI_ANY_TAG humo. Toleo la 4.0 la mwaka 2021 linamruhusu hata kuitangazia MPI hivyo, kwa mpi_assert_no_any_tag.

Programu yetu ya bati sasa ina lebo tatu: 1 ni ukingo wa juu, 2 ukingo wa chini, 3 simama.