Nashukuru Kwamba Sidaiwi

Washa redio kabla hakujapambazuka, hutakosa mhubiri wa kukuambia kwamba umefungwa. Umefungwa na mizimu ya babu upande wa baba, na madhabahu za ukoo wa mama, hata na jina ulilopewa utotoni. Kufunguliwa kupo, ila subiri kwanza isomwe namba ya simu ya kutumia sadaka.

Mimi nimelelewa katika usharika wa Kilutheri, na kila nikisikia matangazo hayo hujikuta nasema: asante Yesu, mimi sidaiwi. Yaliyolipwa msalabani yamelipwa, hayana salio.

Wagalatia nao waliwahi kuambiwa kwamba kuna salio. Walishamwamini Kristo, wakaja walimu wengine wakadai imani haitoshi, sharti watahiriwe. Paulo aliwaandikia kwa ukali: "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru, kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa." Katika barua hiyohiyo hamfichi hata Petro. Kule Antiokia Petro alikuwa akila na watu wa Mataifa vizuri tu, hadi walipofika wageni kutoka kwa Yakobo. Hapo akaanza kujitenga kwa kuwaogopa waliotahiriwa. Paulo akamkabili mbele ya wote. Mtume mzima, kahama meza kwa kuogopa macho ya watu!

Kwetu kongwa lenyewe ni hofu. Mtoto akishikwa na degedege, swali la kwanza ni nani alimtazama. Bundi akilia juu ya bati, nyumba nzima haipati usingizi. Mjomba wangu amejenga hadi kwenye lenta akaishia hapo, na wapo ndugu wanaonong'ona kwamba ukoo umefungwa. Muulize mwenyewe, atakuambia saruji imepanda bei.

Shangazi yangu ana kikapu kizima. Kuna chupa ya maji ya upako, chupa ya mafuta, chumvi kwenye mfuko wa nailoni, kitambaa, na stika ya mlangoni ambayo bado hajaibandika. Siku moja nilimkuta anazigeuzageuza zile chupa, amesahau ipi ni ya magonjwa na ipi ni ya biashara. Tukacheka wote. Kisha akaniambia, "Mwanangu, huwezi kujua. Bora kuwa navyo vyote." Vidonge vyake vya presha vilikuwa humohumo kikapuni, na namshukuru Mungu kwamba hivyo havisahau.

Simcheki kwa dharau. Tarehe 1 Februari 2020, pale Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakigombea kupita juu ya mafuta ya upako. Waliokwenda pale walikuwa na shida za kweli, za maradhi, madeni, ndoa. Anayestahili kuulizwa ni yule anayemwambia mwenye shida kwamba neema ina foleni. Simoni wa Samaria alipotoa fedha ili anunue uwezo wa Roho, Petro alimjibu: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali."

Wala sipingi mafuta. Yakobo anaagiza wazee wa kanisa wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana, na mzee wa kanisa wa mtaani kwetu hufanya hivyo, akimaliza anapewa chai, anaondoka. Ninachopinga ni bei.

Na ukishajua hudaiwi, hata kutoa kunakuwa kutamu. Nenda kwenye sikukuu ya mavuno uone mnada baada ya ibada: trei ya mayai inanunuliwa kwa bei ambayo ingekutosha kununua mitetea, jogoo aliyefungwa miguu anawika katikati ya matangazo, na watu wanacheka. Mwaka jana mkungu mmoja wa ndizi ulinunuliwa ukarudishwa, ukanunuliwa tena ukarudishwa, hadi mnadishaji sauti ikamkauka. Mwishowe aliyeondoka nao ni shangazi. Jioni alipika mtori, akatuita wote, na mjomba wa lenta akala bakuli mbili.