Mkiwa kumi na tisa, shauri yenu

Msichana wa jirani yangu anahudumu kwenye hoteli ndogo hapa mtaani. Mwenye hoteli amemwambia zamu zitaongezeka akikubali "kumtembelea", na asipokubali, asishangae zikipungua. Akaniuliza apeleke wapi malalamiko. Nikafungua Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 6, kile cha unyanyasaji wa kingono kazini. Nimeifunga nikiwa na hasira.

Kifungu kimeandikwa vizuri, hilo sina budi kulikubali. Ahadi za upendeleo, vitisho vya kazi, maneno machafu, picha, kushikwashikwa, yote yamo. Ila ukifika kwenye wajibu wa mwajiri kutoa sera, aeleze malalamiko yanapelekwaje na aahidi kutotoboa jina la mlalamishi, unakuta unamhusu mwenye wafanyakazi ishirini au zaidi. Hoteli ile ina sita. Kwani heshima huanza siku wa ishirini akiajiriwa?

Na wanawake wa nchi hii wanafanya kazi wapi hasa? Saluni, vibandani, jikoni kwa watu. Yaya yuko peke yake kwa nyumba ya mwajiri. Hata sera ingekuwepo, angeibandika kwa friji? Huku chini bosi ndiye meneja, ndiye mhasibu, ndiye afisa wa wafanyakazi. Ukimshtaki, kesi anaisikiliza yeye.

Utaambiwa kuna Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006. Kuna, ndiyo. Kifungu cha 23 kinamtaka mwenye mamlaka awe amekusumbua kwa kurudia-rudia. Haya, mhesabieni.

Sisemi wakubwa ni malaika. Februari 2023 BBC ilipeperusha uchunguzi wa mashamba ya majani chai Kericho, yaliyoendeshwa kwa miaka na Unilever na James Finlay. Wanawake zaidi ya 70 walisema wasimamizi wao waliwadhulumu kingono. Ilibidi mwanahabari ajifanye mtafuta kazi ndipo wabunge wakaagiza uchunguzi wao. Sasa kama huko kwenye maelfu ya vibarua ilichukua kamera ya siri, nani atakuja na kamera kwa hoteli ya watu sita?

Wabunge, futeni hiyo ishirini, muandike mmoja. Na serikali ikituma watafiti na madodoso kuuliza kuhusu unyanyasaji huu, wasianzie ofisi zenye lifti. Waanze na wanaolipwa jioni, mkononi, na mwenye duka mwenyewe.