Jani Lisilale na Maji

Jumapili nilikwenda kumwamkia shangazi, huku chini ya Mlima Meru, nikamkuta ameinama bustanini anang'oa nyanya. Mashina 40, yote yamebabuka kama yamemwagiwa maji ya moto. Wiki moja tu nyuma yalikuwa yamebeba. "Mwanangu, dawa nimepiga mara tatu," akasema, akanipa chupa niisome. Dawa ya wadudu! Aliyemuuzia hakumuuliza hata majani yana nini. Nimekasirika mpaka leo.

Niligeuza jani lililokuwa bado na uhai. Kwa chini, pembeni mwa baka, utando mweupe mwembamba kama vumbi la unga. Hao si wadudu, ni ugonjwa: bakajani chelewa, unaoletwa na kimelea kilekile kilichoangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Kinapenda baridi, na kinataka jani lililolowa kwa saa nyingi. Basi.

Na sisi tunalilowesha wenyewe! Mvua ya masika hatuizuii, sawa. Lakini siku isiponyesha, shangazi humwagilia magharibi, kwa keni, maji yakianzia kileleni. Ndivyo alivyotufundisha sote tukiwa wadogo. Jani linalala na maji hadi jua la saa nne. Mwagilieni asubuhi, jamani, tena shinani. Kateni majani yanayogusa udongo, simikeni miti ya kushikilia mashina, acheni upepo upite katikati. Mnyanya uliobanana na mwenzake haukauki hata kwa jua la mchana.

Dawa zinasaidia, sikatai. Ila mankozebu, dawa inayopigwa kwa ugonjwa huu, ni ya kukinga: hukaa juu ya jani kukisubiri kimelea, na mvua kubwa huiosha. Ukiipiga baka likishaenea, jani lile halirudi. Na siku za kusubiri kabla ya kuchuma zimeandikwa kwenye pakiti. Zihesabuni, watoto wanakula nyanya hizo mbichi.



Kilichoniuma zaidi nilikiona mwisho: katikati ya nyanya, maotea ya viazi vya mwaka jana, nayo yana mabaka. Ugonjwa ulilala ardhini humo humo, ndani ya viazi vilivyosahaulika. Tulivichimbua kimoja kimoja, tukavizika pamoja na mabua kwenye shimo la kufika kiunoni. Msimu ujao pale tunapanda maharage. Shangazi ameshaniagiza mbegu.